Mwongozo kamili: eduroam, akaunti na klasta ukialikwa ICTP Trieste

Kila msimu wa kozi ujumbe ni uleule: "Nimefika salama, lakini eduroam imegoma." eduroam ni Wi-Fi ya pamoja ya vyuo vya duniani, unayoitumia ugenini kwa akaunti ya chuo chako. Aliyeandika ujumbe yuko Italia tayari, darasa linaanza asubuhi, na mtu pekee anayeweza kumsaidia yuko chuoni kwao, ameshafunga ofisi.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wahadhiri na watafiti wetu wanaoalikwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia cha Abdus Salam, yaani ICTP, mjini Trieste. Anayekwenda EAIFR, taasisi ya utafiti pale Kigali, au kituo kingine chochote, atabadilisha mambo ya mahali tu: majengo, saa, plagi na kibodi.

Kabla ya yote jua kwamba kila mlango utakaokukatalia una mwenye kufuli lake. Kufuli la eduroam liko chuoni kwenu. La klasta, yaani kundi la kompyuta za ukokotoaji mkubwa, liko kwa kituo. La Gmail liko Google, na ufunguo wake huenda uko kwenye laini ya simu uliyoiacha Morogoro. Wengi hupoteza wiki nzima wakimwomba msaada mtu asiye na ufunguo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta mpakato ambayo una haki ya kusakinisha programu ndani yake. Ikiwa ya ofisi na imefungwa na wasimamizi, wafuate sasa.
- Akaunti ya baruapepe ya chuo, na nenosiri lake unalolikumbuka kweli, si lile lililohifadhiwa kwenye kivinjari tu.
- Diski ya nje au flashi kubwa.
- Adapta ya plagi. Umeme wa Italia ni volti 230 kama wetu, kwa hiyo transfoma haihitajiki, ila plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii kwenye soketi zao. Nunua adapta yenye pini mbili nyembamba za mviringo. Zile zenye pini nene haziingii kwenye baadhi ya soketi za Kiitaliano.
- Simu yenye programu ya kutoa namba za uthibitisho.
- Barua ya mwaliko, na anwani ya baruapepe ya katibu wa kozi yako.
- Anwani na namba ya kitengo cha TEHAMA cha chuo chenu, imeandikwa kwenye karatasi. Iliyo ndani ya baruapepe usiyoweza kuifungua haitakufaa.

Anza wiki tatu kabla ya safari. Siku moja kabla umechelewa, kwa sababu hatua ya kwanza inategemea watu wengine.

## Hatua ya 1: Funga eduroam ukiwa bado nyumbani

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tusiharakishe.

Unapounganisha eduroam Trieste, seva ya pale haijui nenosiri lako na haitalijua. Inaangalia kilichoandikwa baada ya alama ya @ kwenye jina lako, kisha inapeleka ombi chuoni kwenu kupitia mtandao wa kitaifa wa vyuo: TERNET kwa Tanzania, KENET kwa Kenya, RENU kwa Uganda. Seva ya kwenu ndiyo inayosema ndiyo au hapana.

Fanya hivi:

1. Waulize TEHAMA kama chuo chenu kimo kwenye eduroam, na kama akaunti yako imeruhusiwa. Kuwa na baruapepe ya chuo si uthibitisho.
2. Ingia cat.eduroam.org au weka programu ya geteduroam, tafuta jina la chuo chenu, pakua profaili yake, yaani faili ya mipangilio ya mtandao huo.
3. Kama uliwahi kuunganisha eduroam kwa mkono, iamuru kompyuta iusahau mtandao huo kwanza. Profaili ya zamani hubaki na kuishinda mpya.
4. Sakinisha profaili. Jina liwe kamili: jina@chuo.ac.tz, au lolote wanalotumia kwenu, pamoja na sehemu ya baada ya @.
5. Rudia yote kwenye simu.

Sababu ya namba 4: kwenye baadhi ya vyuo, ukiwa ndani ya uzio, jina fupi bila @ linakubalika. Mtu hutumia mwaka mzima hivyo. Akifika ugenini, seva inaona jina lisilo na anwani na haijui impeleke wapi. Nenosiri ni sahihi, akaunti ni hai, na bado anakataliwa.

Onyo. Ukiona mahali pa kuchagua "usikague cheti", usichague, hata kama rafiki anasema ndivyo yake ilivyokubali. Cheti ndicho kinachoithibitishia kompyuta yako kwamba inaongea na seva ya chuo chenu. Bila ukaguzi huo, mtu yeyote anaweza kukaa mgahawani na kifaa kinachojiita eduroam akakusanya nenosiri. Hii ndiyo sababu ya kutumia profaili badala ya kujaza kwa mkono: inaleta cheti sahihi yenyewe.

Onyo la pili. Uliza nenosiri lako linaisha lini. Vyuo vingi hulazimisha kulibadilisha kila baada ya muda, na mara nyingine ukurasa wa kulibadilisha hufunguka ndani ya mtandao wa chuo tu. Kama litaisha ukiwa safarini, libadilishe sasa na usakinishe profaili upya.

Utajua umefaulu ukienda chuo kingine chenye eduroam mjini kwenu na kompyuta ikaunganika yenyewe, bila kukuuliza kitu wala kufungua ukurasa wa kivinjari. Kuunganika chuoni kwako hakutoshi. Jaribio la chuo cha pili ndilo linaloonyesha kwamba ombi lako linasafiri na kurudi.

Hata hivyo usiitegemee eduroam peke yake. Umeme ukikatika na seva ya chuo chenu ikazimika, watu wote wa chuo hicho waliotawanyika duniani hukataliwa kwa pamoja. Mwandikie katibu wa kozi mapema, uliza kama kituo hutoa akaunti ya mgeni ya mtandao na unaipataje. Ukipata ndiyo, chukua hata kama eduroam yako ni nzima.

## Hatua ya 2: Ondoa uthibitisho kwenye laini ya simu

Akaunti nyingi sasa hutuma namba kwa ujumbe mfupi. Ukiwa nje, ujumbe huo huchelewa, au haufiki kabisa kwa sababu laini haikuwashiwa huduma ya nje ya nchi, au umeitoa ili uweke laini ya Italia.

Pitia akaunti zako moja moja: baruapepe ya chuo, Gmail, GitHub, sehemu unakohifadhi faili. Kila mahali hamisha uthibitisho uende kwenye programu ya simu inayotoa namba bila kuhitaji mtandao. Kisha pakua namba za akiba, zichapishe, ziweke pamoja na pasipoti.

Benki na M-Pesa huwezi kuzihamisha hivyo, kwa hiyo laini ya nyumbani safiri nayo. Simu ya laini mbili inarahisisha.

Namba za programu hubadilika kila sekunde 30 na huhesabiwa kutokana na saa ya simu. Simu ikiwa mbele au nyuma dakika chache, kila namba itakataliwa. Acha saa ijirekebishe yenyewe kutoka mtandaoni.

Utajua umefaulu ukizima laini ya simu kabisa, ukafungua kivinjari kisichokujua, na ukaingia kwenye kila akaunti.

## Hatua ya 3: Tengeneza ufunguo wa SSH

SSH ni njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kama klasta. Kama kozi yako haina ukokotoaji, ruka hatua hii na ya 6. Wengine fungueni terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Linux na Mac zinayo tayari. Windows 10 na 11 tumia PowerShell.

    ssh-keygen -t ed25519

Kubali mahali inapopendekeza kuhifadhi. Ikiuliza nenosiri la ufunguo, weka, usiache wazi: kompyuta ikiibwa kwenye treni, ufunguo usio na nenosiri ni wa mwizi.

Utapata faili mbili. `id_ed25519` ni ya siri, haitoki kwenye kompyuta yako, haitumwi kwa baruapepe, haiwekwi WhatsApp, hata kwa msimamizi wa klasta. `id_ed25519.pub` ndiyo ya kutoa. Wanaotuma ile ya siri kwa bahati mbaya si wachache. Ikikutokea, futa zote mbili utengeneze upya.

Utajua umefaulu ukifungua ile ya `.pub` na kuona mstari mmoja unaoanza na `ssh-ed25519 AAAA`. Ukianza na `-----BEGIN`, umeshika faili isiyo yake.

## Hatua ya 4: Jaza kompyuta na ufanye nakala

Pakua masasisho yote ya mfumo kabla ya safari. Hakuna kinachoudhi kama kompyuta kuamua kujisasisha dakika kumi kabla ya zoezi la kwanza.

Sakinisha programu ambazo kozi imezitaja na uziendeshe hata mara moja. Angalia hasa zile ambazo leseni yake husomwa kwenye seva ya chuo, kama MATLAB kwenye vyuo vingi. Nje ya chuo zitagoma hadi uwashe VPN ya chuo, yaani njia ya kuingia mtandao wa chuo ukiwa mbali. Je, chuo chenu kina VPN? Kama hakina, ulizia leseni inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, au jifunze kazi hiyohiyo kwa programu huria.

Washa ufichaji wa diski (usimbaji, ili asiye na nenosiri asisome faili zako), kisha nakili data na rasimu za tasnifu kwenye diski ya nje. Nakala moja ibaki nyumbani. Mkoba mmoja usibebe zote.

## Hatua ya 5: Siku ya kufika

Usianze na kompyuta. Anza na saa. Afrika Mashariki iko mbele ya Italia kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ofisi ya TEHAMA ya kwenu ikifunga saa kumi na nusu jioni, majira ya baridi Trieste ni saa nane na nusu mchana, nawe bado uko darasani. Shida yoyote inayohusu nenosiri la nyumbani imalizwe asubuhi.

Hakikisha pia tarehe na saa ya kompyuta ni sahihi. Betri ya ndani ikiwa imekufa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka mwingine, ione vyeti vyote vimekwisha muda, na ikatae eduroam na tovuti zote. Mtu atadhani Wi-Fi ni mbovu.

Washa Wi-Fi. eduroam ikikukubali, fungua tovuti ambayo hujawahi kuifungua, ili usidanganywe na kurasa zilizohifadhiwa. Ikikukataa, fuata mpangilio huu:

Simu je, inaunganika? Ikikubali simu ikakataa kompyuta, tatizo liko kwenye profaili ya kompyuta. Ifute, uisakinishe upya kwa kutumia mtandao wa simu. Zote mbili zikikataa, ingia kwenye baruapepe ya chuo kwa mtandao wa simu. Nenosiri likikataliwa na huko, kufuli ni la nyumbani: waandikie wa kwenu. Nenosiri likikubaliwa, muulize mwenzako wa chuo kilekile, kama yupo. Naye akigomewa, seva ya kwenu imelala. Hapo tumia akaunti ya mgeni uliyoomba katika hatua ya 1 uendelee na maisha.

### Kibodi ya Kiitaliano

Ukikaa kwenye kompyuta ya kituo, nenosiri linaweza kukataliwa mara tatu na akaunti ikafungwa, kumbe vidole vyako ni vya kibodi ya Kiingereza. Herufi ziko mahali pamoja, alama ndizo zimehama. Alama ya @ ni AltGr pamoja na ò. Ya # ni AltGr na à. Mkwaju / ni Shift na 7. Mstari mfupi uko jirani na Shift ya kulia. Alama ya ~ haikuchapwa popote kwenye kibodi. Kwenye Linux jaribu AltGr na ì.

Dawa ni rahisi: andika nenosiri kwanza kwenye sehemu ya jina la mtumiaji, ambako unaliona, uhakikishe hakuna mtu nyuma yako, likiwa sahihi likate ulipeleke mahali pake.

Kuchapa karatasi: hifadhi PDF ya A4, uliza njia ya kuituma kwenye printa, chapa ukurasa mmoja kwanza.

## Hatua ya 6: Kuingia kwenye klasta na kutuma kazi ya kwanza

Akaunti ya klasta huombwa na mara nyingi mwenyeji wako wa kisayansi lazima aiunge mkono. Ukishapewa jina na anwani ya seva:

    ssh jina@anwani-ya-seva

Mara ya kwanza utaulizwa kama unaiamini seva na utaonyeshwa alama yake ya utambulisho. Linganisha na ile waliyokutumia, ndipo uandike `yes`.

Ikikataa, soma maneno yenyewe, kwa sababu kila moja lina maana yake:

- `Could not resolve hostname`: umekosea jina la seva, au huna intaneti.
- `Connection timed out`: ombi halikufika. Mtandao ulio nao umezuia njia. Jaribu kutoka mtandao wa kituo au VPN.
- `Permission denied (publickey)`: umefika mlangoni, ufunguo haujatambuliwa. Ama jina la mtumiaji si lako, ama `.pub` uliyotuma si ya kompyuta hii.
- `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED`: simama. Huenda seva imejengwa upya, huenda kuna mtu katikati. Usifute chochote kabla ya kuuliza.

Ukiingia, uko kwenye mashine ya mapokezi ambayo wageni wote wanaitumia. Usiendeshe ukokotoaji hapo. Wasimamizi watauua bila kukuuliza, na wana haki. Kazi hutumwa kwenye foleni, na klasta nyingi hutumia Slurm, programu inayoipanga foleni hiyo. Andika faili `jaribio.sh`:

    #!/bin/bash
    #SBATCH --job-name=jaribio
    #SBATCH --ntasks=1
    #SBATCH --time=00:05:00
    #SBATCH --mem=1G
    hostname
    date

Itume kwa `sbatch jaribio.sh`, itazame kwa `squeue -u $USER`. PD ni kwamba inasubiri, R inaendeshwa. Mabanoni kukiwa na `Resources` au `Priority`, hujakosea, ni foleni tu.

Kwa nini dakika tano? Slurm huchomeka kazi fupi kwenye mapengo yaliyoachwa na kubwa. Anayeomba saa 24 kwa kazi ya nusu saa "ili kuwa salama" husubiri zaidi ya jirani yake aliyekadiria vizuri. Kadiria, ongeza kidogo, basi.

Kama uliandika faili kwenye Windows, `sbatch` inaweza kuikataa ikilalamika kuhusu `DOS line breaks`. Endesha `dos2unix jaribio.sh` utume tena.

Onyo. Folda inayoitwa scratch ni ya kasi lakini si ghala. Faili za zamani hufutwa huko kwa ratiba, bila nakala. Matokeo unayoyathamini yahamishe siku hiyohiyo.

Utajua umefaulu ukikuta faili inayoanza na `slurm-`, ndani yake kuna jina la mashine ambalo si lile la mapokezi, na saa.

## Hatua ya 7: Kuomba msaada ukasaidiwa

Sisi tumelelewa kutosumbua watu. Mgeni atakaa siku kadhaa akitumia intaneti ya simu yake, kwa heshima, wakati ofisi ya msaada iko ghorofa moja naye. Kule kuuliza si usumbufu. Wageni ndio kazi yao. Heshima wanayoitaka ni maelezo kamili.

Ujumbe "Intaneti haifanyi kazi, naomba msaada" utarudishiwa maswali matano na kupoteza siku. Salamu za mstari mmoja zinatosha, kisha taja: kifaa na mfumo wake, mtandao uliojaribu, jengo na chumba (nyumba ya wageni ya Adriatico iko chini karibu na bahari na jengo la Leonardo liko juu kilimani, mitambo si ileile), saa tatizo lilipotokea, ili watafute kwenye kumbukumbu za seva, maneno ya kosa neno kwa neno, na ulichokwisha jaribu. Mfano, utakaouandika kwa Kiingereza:

"Kompyuta yangu ya Windows 11 haiunganishi eduroam katika chumba changu Adriatico tangu leo saa 8:10 asubuhi. Simu yangu inaunganika kwa akaunti ileile. Nimefuta profaili na kuisakinisha upya. Kosa ninaloona liko kwenye picha."

Angalia saa: andika kwa mtindo wao, saa 8:10 maana yake saa mbili na dakika kumi ya kwetu. Kuna waliokosa miadi kwa hili.

Usiandike nenosiri kamwe. Ukipokea baruapepe inayojiita ya msaada wa kituo na inadai nenosiri ili akaunti isifungwe, ni ya matapeli. Ipeleke kwa ofisi yenyewe.

## Hatua ya 8: Kabla ya kuondoka

Uliza akaunti zako zinafungwa tarehe gani. Baadhi hufungwa siku mwaliko unapokwisha.

Hamisha data ukiwa bado kwenye mtandao wa kule. Kuvuta gigabaiti mia moja kutoka Dodoma ni kazi nyingine kabisa. Ukiwa kwenye kompyuta yako:

    rsync -avP jina@anwani-ya-seva:matokeo/ ./matokeo/

Faida ya `rsync` juu ya kunakili kawaida ni kwamba ikikatika katikati, ukirudia amri hiyohiyo inaendelea pale ilipoishia. Beba matokeo, hati za kutuma kazi, na orodha ya moduli, yaani programu ulizowasha kwenye klasta (`module list`), maana miezi sita baadaye mhakiki atakuuliza toleo la programu. Faili za kati zinazoweza kutengenezwa upya ziache.

Toka kwenye akaunti zote kwenye kompyuta za maabara, futa nenosiri lililohifadhiwa kwenye vivinjari vyake, na badilisha anwani ya mawasiliano popote ulipotumia baruapepe ya muda ya kituo, hasa kwenye makala uliyoituma jaridani.

Utajua umefaulu ukirudia `rsync` mara ya pili na isipate faili yoyote ya kuhamisha, kisha ukafungua faili tatu au nne kutoka diski ya nje, na zote zikasomeka.